Kumpelekea mnunuzi wa Arusha mashine iliyotumika kutoka Nairobi

Mashine yenyewe ni randa ya karakana, ya kulainisha mbao, chuma kitupu, imetengenezwa Italia. Mnunuzi ni fundi wa samani Arusha. Njia si ndefu: Nairobi hadi Namanga ni kama kilomita 160, na hapo hadi Arusha kama 110. Kinachokula siku ni karatasi, na hasa ule mstari unaosema mzigo ni kitu gani.

Kabla ya kutafuta lori, andikeni mkataba wa mauzo unaosema nani analipa usafiri, nani anamlipa wakala wa forodha wa kila upande, nani anabeba ushuru, na mashine ikivunjika njiani hasara ni ya nani. Malipo yapitie benki, kwa sababu hati ya benki ndiyo inayothibitisha bei forodhani. Pesa iliyotumwa kwa simu vipandevipande ni kazi kuieleza. Na pesa yote iwe imeingia kabla lori halijavuka mpaka.

Sasa ankara. "Mashine kuukuu" haitoshi. Andika aina ya mashine na kazi yake, mtengenezaji, modeli, namba ya utambulisho, mwaka, nguvu ya mota, uzito, na kwamba imetumika. Habari hizo nyingi zimo kwenye kibao cha chuma kilichopigiliwa ubavuni mwa mashine. Kikiwa kimezibwa na gundi na vumbi la mbao, kisugue taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka herufi zisomeke, usikikwangue kwa patasi. Kipige picha ya karibu, kisha piga nyingine inayoonyesha mashine nzima.

Watu wengi watakuambia mzigo wa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haulipiwi ushuru. Kweli, ikiwa umetengenezwa ndani ya Jumuiya. Kwa mzigo wa namna hiyo usiozidi dola 2,000 kuna cheti cha uasili kilichorahisishwa, na maofisa wa forodha hukitoa palepale mpakani. Kabati lililoundwa Gikomba, Nairobi, linaweza kukipata. Randa ya Italia haipati, hata iwe imefanya kazi Kenya miaka 20. Usihesabu pia kwamba ushuru uliolipwa Mombasa mashine ilipoingia umemaliza mambo. Beba nakala za hati hizo, lakini mnunuzi ajiandae kukadiriwa upya.

Hapa ndipo tulipoumia. Wakala aliyeandaa tamko la forodha upande wa Tanzania alisikia mnunuzi ni fundi wa samani, akaandika samani. Mashine za kazi ya mbao ziko kwenye namba ya HS (mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa) 8465, ambayo ushuru wake wa pamoja wa Jumuiya ni asilimia 0. Samani ziko sura ya 94, na tangu Julai 2022 zimo kwenye kundi la asilimia 35. Kwa mzigo wenye thamani ya dola 3,000, pamoja na nauli na bima, asilimia 35 ni dola 1,050, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo, yaani dola 729 nyingine. Ukiandikwa sawasawa, ushuru ni sifuri na VAT ni dola 540, bila kuhesabu tozo ndogondogo. Kurekebisha tamko lililokwisha kuwasilishwa kunahitaji maombi, maelezo na idhini ya ofisa, na muda wote huo lori limeegeshwa na mwenye lori anadai pesa yake ya kila siku. Picha ya kile kibao ndiyo iliyotuokoa.

Kwa hiyo mwambie mnunuzi asikubali TANSAD, yaani lile tamko la forodha la Tanzania, iwasilishwe kabla hajaiona rasimu na kukutumia na wewe. Isomeni pamoja kwa simu: maelezo ya bidhaa, namba ya HS, thamani, uzito, namba ya lori, TIN yake (namba ya mlipakodi). Kila kitu kifanane na ankara herufi kwa herufi. Wakala akikasirika kwa kuulizwa, tafuteni mwingine. Mnunuzi aulize mapema pia TBS, shirika la viwango la Tanzania, kama mashine ya aina hiyo inahitaji ukaguzi. Upande wa Kenya, wakala wako anawasilisha tamko la kuuza nje kwenye mfumo wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kwa PIN yako ya kodi.

Namanga ni kituo cha pamoja, kwa hiyo lori linalotoka Kenya linapitiliza hadi upande wa Tanzania, na maofisa wa nchi zote mbili wako hapo. Dereva awe na seti kamili ya nakala mkononi, zisibaki kwenye simu yako Nairobi.

Kupakia, tumia forkilifti au kreni. Fungua visu na uvifungashe peke yake, funga meza isicheze, toa vumbi lote la mbao, maana ndimo wadudu wanamojificha na mkaguzi atachungulia.

Mzigo ukishatolewa, dai nakala ya hati za forodha zilizokamilishwa pande zote mbili. Kama umesajiliwa VAT Kenya, uthibitisho kwamba mashine ilitoka nchini ndio unaokuruhusu kuiuza kwa kiwango cha sifuri, na KRA wanaweza kuuulizia baadaye sana.