Kuingiza wafanyakazi na kupanga timu kwenye programu ya kazi za hoteli

Anza na timu, watu baadaye. Ukiwaalika watu kabla ya timu kuwepo, mfanyakazi atafungua programu aone patupu, au aone kazi za hoteli nzima mpaka azime arifa za programu kwenye simu yake. Kumrudisha huyo ni kazi.

Timu ifuate anayepokea kazi, sio cheo. Bomba likivuja chumba namba 14, simu za nani zilie? Hao ndio timu. Hoteli ya Nungwi au Paje yenye watu 60 inatoshwa na sita: vyumba, jikoni, mkahawa, mapokezi, mafundi na ulinzi. Kama mna tawi Chake Chake, lisiwe timu. Liwekeni kama eneo. Mkilifanya timu, mpishi wa Pemba atapokea habari za mabomba.

Kisha orodha ya wafanyakazi ya kuingiza kwenye programu, na hapa ndipo penye kosa kubwa. Tayarisha jedwali lenye safu tano: namba ya mfanyakazi, majina matatu, simu, timu, wadhifa. Majina mawili hayatoshi, maana Khamis Juma hakosi kuwepo zaidi ya mmoja. Safu ya simu igeuzwe kuwa ya maandishi kabla hujaandika chochote. Usipofanya hivyo, Excel itakula sifuri ya mwanzo, au namba ndefu itaigeuza kitu kama 2.55777E+11, na mwaliko hautamfikia mtu. Andika +255 kisha tarakimu tisa, bila sifuri ya mwanzo wala nafasi. Hifadhi kama CSV ya UTF-8, yaani faili la maandishi ambalo programu nyingine huweza kulisoma.

Usitumie simu moja kwa watu watatu, hata kama ni ya idara. Kama hamna budi, na programu inaruhusu, kila mtu awe na PIN yake kwenye simu hiyo. Vinginevyo hutajua nani alifunga, yaani aliandika imekwisha, kazi ambayo haikufanyika.

Ruhusa: mfanyakazi aone kazi za timu yake, kiongozi wa zamu agawe na afunge, msimamizi mkuu aongeze na aondoe watu. Wasimamizi wakuu wawe wawili. Akiwa mmoja tu akapoteza laini yake, na ndiyo inayopokea msimbo wa kuingilia, mtakwama nyote.

Saa nazo zina mtego. Chagua majira ya Dar es Salaam, kisha geuza saa za Kiswahili: zamu ya saa nne usiku ni 22:00, sio 04:00, na inayoisha saa kumi na mbili asubuhi ni 06:00 ya siku ya pili. Ramadhani ikija, usibadilishe zamu za kawaida. Tengeneza nyengine pembeni, Idi ikipita unazirudisha za zamani.

Masika hoteli ikipunguza watu, simamisha akaunti zao, usizifute. Ukifuta, kwenye baadhi ya programu kumbukumbu za kazi zao hubaki bila jina. Mtu akirudi Juni, hakikisha kwanza kwamba namba yake ni ile ile, kwani laini iliyolala muda mrefu huweza kupewa mtu mwengine.

Kabla ya kualika wote, alika kiongozi mmoja wa kila timu, fungua kazi ya majaribio kwa kila timu, na uangalie simu gani zinalia. Waliobaki waalikwe wakati wa kupokezana zamu, wakiwa karibu na Wi-Fi, kwa sababu viungo vya mwaliko huisha muda.