Kabla Hujaacha Mshahara wa Kampala na Kurudi Shambani

Ndugu yangu, kuacha kazi ukaanze maisha mapya kijijini si kosa. Kuondoka kwa papara ndiko kunakoumiza watu.

Anza na akiba. Kama umeajiriwa na unachangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, omba taarifa yako uone kama michango yote imeingia: asilimia 5 kutoka kwenye mshahara wako, 10 kutoka kwa mwajiri. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, aliyefikisha miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 anaweza kuchukua asilimia 20 ya akiba yake. Hiyo isiwe pesa ya kununulia gari.

Kisha ardhi, na hapa nakusihi usiharakishwe na dalali. Ukinunua kibanja, yaani kipande cha mkaaji, kwenye ardhi ya mailo (ardhi ya Buganda yenye mmiliki mwenye hati), Masaka au Mukono kwa mfano, hujanunua ardhi yenyewe. Umenunua haki ya kuikalia, na mwenye hati bado yupo. Mtafute, upate kibali chake kwa maandishi kabla ya kutoa hata shilingi, kisha uulize kama busuulu, kodi ya kila mwaka anayolipwa mwenye ardhi, imelipwa. Kama unanunua ardhi yenyewe pamoja na hati, kaikague hati hiyo kwenye ofisi ya ardhi. Zungumza na majirani wa pande zote, wakuonyeshe mipaka kwa miguu, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, awepo siku ya kuandikiana. Muulize muuzaji mke wake yuko wapi: ardhi ambayo familia inaishi au inapata riziki haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa, na mauziano ya siri huishia mahakamani.

Na mke au mume wako wewe? Akikubali kwa shingo upande, subiri. Watoto watasoma wapi, nani atabaki mjini, karo itatoka wapi muhula wa kwanza usio na mshahara: hayo yasemwe kabla ya barua ya kujiuzulu.

Kahawa uliyopanda leo inaweza kuchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kukupa mavuno ya maana. Weka kando chakula na dawa za kipindi hicho, na upande maharage na matooke mapema.

Likizo yako ijayo ipeleke huko, wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Uone barabara inavyoharibika, na upime mwenyewe umbali wa kufika kituo cha afya usiku.