Who au whom? Pima kwa "he" na "him"

Kosa linaloshika mizizi zaidi katika insha za Kiingereza hapa Kisumu ni hili: "The fisherman who I met him at Dunga." Linatokana na Kiswahili chetu. Tunasema "mvuvi niliyekutana naye", na "naye" ni ya lazima. Kwa Kiingereza, "who" imeshakalia nafasi ya yambwa (anayetendwa), kwa hiyo "him" inarudia kazi iliyokwisha fanywa. Ifute, kisha kwa kipimo kifuatacho who hiyo iwe whom.

Kuchagua kati ya who na whom, chukua maneno yanayofuata kirejeshi (yaani hiyo who au whom) uyafanye sentensi kamili. Ikidai "he", andika who. Ikidai "him", whom. "The man … sold us tilapia": he sold, basi who. "The man … we paid": we paid him, basi whom. Mtego uko kwenye "the man who I think sold it". Wengi huandika whom kwa kuona "I think" karibu. Iruke hiyo, utabaki na he sold it.

Which ni ya vitu. That hufaa watu na vitu, ila si baada ya koma: "Lake Nakuru, which attracts flamingos, …"

Na vitenzi? Baada ya have, tumia umbo la tatu la kitenzi (go, went, gone): have gone, have seen, kamwe si have went. Ukitaja "yesterday", ondoa have kabisa: I saw him yesterday.