Kufundisha mapinduzi ya Haiti katika darasa la sekondari Bukavu

Somo hili huharibika pale mwalimu anapolianzia Paris. Ukianza na mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, wanafunzi watatoka wakiamini kwamba uhuru ulipakiwa melini, ukashushwa Saint-Domingue (koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti), watumwa wakaupokea. Anzia kwenye shamba la miwa. Tenga vipindi viwili vya dakika 50. Ukijaribu kumaliza kwa kimoja, utafika 1794 kengele ikilia, na mambo mazito yote yako mbele.

Vifaa vinapatikana soko la Kadutu kwa pesa kidogo: kamba ya mita 8 isiyonyumbuka (ya katani inafaa, ya nailoni huvutika na kuharibu vipimo), vitambaa vyembamba 8 vilivyokatwa kwenye kitenge kikuukuu, maharagwe 100, punje 8 za mahindi, karanga 6, na chaki za rangi mbili.

Pima kamba nyumbani, usiku wa kabla ya somo. Kamba itakuwa mstari wa wakati: mwezi mmoja ni sentimita 5, kwa hiyo mwaka ni sentimita 60. Acha karibu sentimita 25 za kufungia ukutani, kisha weka sifuri hapo: usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 1791, uasi ulipolipuka katika tambarare ya Kaskazini. Kutoka sifuri, funga vitambaa hivi: mita 1.20 (29 Agosti 1793, Sonthonax, kamishna wa Ufaransa, anatangaza mwisho wa utumwa upande wa Kaskazini), 1.47 (4 Februari 1794, bunge la Paris linafuta utumwa katika makoloni), 5.93 (Julai 1801, katiba ya Toussaint Louverture, kiongozi wa weusi), 6.27 (Februari 1802, jeshi la Ufaransa chini ya jenerali Leclerc linashambulia), 6.48 (7 Juni 1802, Toussaint anakamatwa), 7.34 (18 Novemba 1803, vita vya Vertières, Wafaransa wanashindwa), 7.42 (1 Januari 1804, uhuru unatangazwa mjini Gonaïves). Usipige mafundo kwenye kamba yenyewe. Kila fundo hula sentimita kadhaa, na ukifika 1802 vipimo vyote vimehama.

Kipindi cha kwanza kianze na mbegu. Kila mbegu ni watu 5,000. Mwanafunzi mmoja apange mezani maharagwe 100, mahindi 8 na karanga 6, wewe ukiwa kimya. Waache wenzake wakisie kwanza. Halafu eleza: maharagwe ni watumwa, karibu 500,000 kufikia 1789, mahindi ni Wazungu, karanga ni machotara na weusi waliokuwa huru, baadhi yao wakimiliki mashamba na watumwa. Swali litakuja lenyewe: hawa 8 waliwezaje kuwashika hawa 100? Hapo ndipo unapoeleza mjeledi, sheria ya watumwa ya 1685 iliyoitwa Code Noir, na jinsi kila shamba lilivyotengwa na jirani yake.

Sasa geuza swali: hao 100 walivukaje utengano huo? Hapa kaa muda mrefu, dakika 20 zisikutishe. Tarehe 14 Agosti 1791 wajumbe wa mashamba mengi ya Kaskazini walikutana kwenye shamba la Lenormand de Mézy kupanga uasi. Wengi walikuwa makapita (wasimamizi wa watumwa wenzao) na waendesha magari ya farasi, watu wenye ruhusa ya kutembea na wanaoaminiwa na mabwana. Boukman Dutty alikuwa mmoja wao. Wape wanafunzi makundi ya watu sita wajibu: ujumbe ungepitaje bila maandishi? Nani angeweza kusaliti? Kwa nini kuchoma miwa na viwanda vya sukari, badala ya kukimbilia milimani tu? Ibada ya Bois Caïman, iliyofanywa msituni siku chache kabla ya uasi, itajwe mahali pake, kama kiapo cha watu waliokwisha kupanga. Ukiisimulia kama muujiza, kazi yao ya wiki nzima inapotea.

Swali moja usikwepe, kwa sababu Bukavu litaulizwa: je, hao walikuwa Wakongomani? Jibu kwa usahihi. Karibu theluthi mbili ya watumwa walikuwa wamezaliwa Afrika, na katika miaka ya mwisho kabla ya uasi sehemu kubwa ya waliopelekwa Kaskazini walitoka ufalme wa Kongo na jirani zake, wakipitia bandari kama Cabinda, Malembo na Loango. Wengi walitekwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya ufalme huo, kwa hiyo walijua bunduki na mbinu za vita kabla ya kuvuka bahari. Mwaka 1793 mkuu mmoja wa waasi, Macaya, aliwajibu Wafaransa kwamba yeye ni wa wafalme watatu, na wa kwanza kumtaja alikuwa mfalme wa Kongo. Lakini mji mkuu wa ufalme huo, Mbanza Kongo, leo uko Angola, na watu wa Kivu hawakupitia njia hiyo. Misafara ya watumwa iliyofika mashariki mwa nchi yetu ilielekea Zanzibar, tena katika karne ya 19, Haiti ikiwa tayari huru. Chora mishale miwili kwa chaki za rangi tofauti, mmoja kwenda Atlantiki, mwingine Bahari ya Hindi. Usipoichora, mtihani utakuletea Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa wa Zanzibar, akiwa Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti.

Kipindi cha pili, tundika kamba. Mwite mwanafunzi aweke mkono mmoja kwenye sifuri na mwingine kwenye kitambaa cha Paris. Miaka miwili na nusu ya mapigano ilitangulia amri ile.

Waingereza na Wahispania, walioingilia vita hivyo, wapitie haraka. Kwa Toussaint, punguza mwendo tena. Alikuwa mtumwa, akawa gavana wa maisha; katiba yake ilifuta utumwa milele, huku wakulima wakilazimishwa kubaki mashambani chini ya ulinzi wa askari. Waache wabishane juu yake. Ukimfanya mtakatifu, hawataelewa kwa nini vita viliendelea baada ya yeye kukamatwa: alikufa gerezani Fort de Joux, Ufaransa, tarehe 7 Aprili 1803, na jenerali wake Dessalines na wenzake wakashinda bila yeye. Homa ya manjano iliwaua Wafaransa wengi, akiwemo Leclerc, lakini ushindi wa Vertières ulipatikana kwa silaha.

Usiigize mapigano. Katika mji huu kuna watoto waliosikia risasi kabla ya kujua kusoma, na mchezo wa namna hiyo unaweza kumfunga mtoto mdomo kwa wiki nzima.

Dakika 10 za mwisho ziwe za hesabu. Mwaka 1825 Ufaransa ilituma manowari na kuidai Haiti faranga milioni 150 kuwafidia mabwana wa zamani, kwa awamu tano. Awamu moja ni ngapi? Ili kulipa ya kwanza, Haiti ilikopa milioni 30 Paris. Wenye benki wakabakiza milioni 6. Ilipokea ngapi? Mwaka 1838 deni lilipunguzwa, lakini mikopo yake ilimalizika kulipwa 1947.

Kazi ya nyumbani ni swali moja kwa wazee. Baada ya 1960 walimu na madaktari wengi wa Haiti walikuja kufanya kazi Kongo. Kila mwanafunzi aulize nyumbani kama kuna aliyefundishwa au kutibiwa na mmoja wao, na aandike alichosikia katika mistari mitano.