Namna ya Kuyasoma Matamko ya Nchi za Nje Wananchi Wanapoinuka: Mfano wa Misri

Wananchi wanapojaa barabarani kudai utawala uliowabana kwa miaka mingi ung'oke, haipiti siku kabla matamko hayajaanza kumiminika kutoka nchi za nje, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku huyasoma moja baada ya jingine kana kwamba yote yana uzito sawa: Washington ina wasiwasi, London inatoa wito, Riyadh inasimama na uongozi uliopo, Addis Ababa inafuatilia kwa karibu. Msikilizaji huishia kujiuliza nani yuko upande wa nani, na swali hilo huwa halina jibu siku za mwanzo, kwa kuwa wasemaji wenyewe bado hawajaamua. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyachambua matamko hayo hadi yatoe maana. Nimechagua Misri kuwa uwanja wa mazoezi kwa sababu siku 18 tu, kuanzia 25 Januari hadi 11 Februari 2011, zilitosha kuonyesha serikali moja ya kigeni ikibadili maneno kila baada ya siku mbili au tatu, kadiri umati wa uwanja wa Tahrir mjini Cairo ulivyozidi kuwa mkubwa.

Anza na daftari

Chora safu tano: tarehe, aliyesema, jina alilowapa mtawala na waandamanaji, kitenzi alichotumia, na kilichokuwa kimetokea mtaani saa chache kabla hajasema. Safu ya mwisho ndiyo ambayo watu wengi huisahau, ilhali bila hiyo utadhani msimamo umebadilika kwa sababu ya dhamiri, kumbe umebadilika kwa sababu kituo cha polisi kimeungua.

Tuijaze kwa mfano wa Marekani. Tarehe 25 Januari, siku ya kwanza ya maandamano, Waziri wa Mambo ya Nje Hillary Clinton alisema tathmini ya nchi yake ni kwamba serikali ya Misri ni imara na inatafuta njia za kuyajibu mahitaji halali ya wananchi wake. Tarehe 27, Makamu wa Rais Joe Biden alisema kwenye mahojiano ya televisheni kwamba yeye asingemwita Rais wa Misri, Hosni Mubarak, dikteta. Usiku huo intaneti ilizimwa karibu nchi nzima, na kesho yake, Ijumaa ya Ghadhabu, polisi walizidiwa nguvu na makao makuu ya chama tawala yakateketea kando ya Mto Nile. Siku hiyohiyo msemaji wa Ikulu ya Marekani akatangaza kwamba msaada kwa Misri utapitiwa upya kulingana na yatakayotokea. Tarehe 30, Clinton akaanza kuzungumzia mpito wenye utaratibu. Tarehe 1 Februari, baada ya Mubarak kutangaza kwamba hatagombea tena, Rais Obama akasema mpito huo lazima uwe wa maana, uwe wa amani, na uanze sasa. Msemaji wake alipoulizwa kesho yake maana ya "sasa", alijibu kwamba sasa ilikwisha kuanza jana.

Ukimaliza kujaza, funika safu nyingine zote usome ile ya vitenzi peke yake, toka juu kwenda chini: ni imara, nisingemwita, utapitiwa upya, uwepo mpito, uanze sasa. Katika wiki moja serikali iliyokuwa imara imekuwa kitu cha kupita. Hata hivyo, hakuna hata tamko moja kati ya hayo lililomtaka Mubarak kwa jina lake ajiuzulu, na nafasi hiyo iliyoachwa wazi ina maana sawa na maneno yaliyoizunguka.

Yaangalie maneno mepesi, kisha angalia tafsiri

Kuna maneno ambayo hutokea karibu katika kila tamko, na kwa kuwa tumeyazoea tunayapita bila kuyatazama. Mfano mkubwa ni wito wa "pande zote kujizuia". Ukiusoma polepole utaona kwamba unamweka mwenye jiwe na mwenye kifaru kwenye mizani moja, na kwamba haumtaji aliyefyatua risasi. Tume ya Misri yenyewe iliyochunguza siku hizo baadaye ilihesabu watu wasiopungua 846 waliouawa. Kwa hiyo kila unapokutana na "pande zote", andika pembeni upande gani ulikuwa na silaha, na silaha hizo zilitoka wapi. Kule Tahrir vijana waliokota makopo matupu ya mabomu ya machozi na kuwaonyesha waandishi wa habari maandishi yaliyokuwa ubavuni mwake, yakisema kwamba yametengenezwa Marekani. Kopo moja la bati lilikuwa tamko tosha, na halikuhitaji msemaji.

Maneno ya masikitiko nayo yana ngazi zake. "Tunafuatilia kwa karibu" ni ngazi ya chini kabisa, maana yake bado hatujaamua. "Tuna wasiwasi" iko juu yake kidogo. "Tunasikitishwa" humaanisha kwamba kuna damu iliyomwagika. "Tunalaani" husemwa pale msemaji anapokuwa tayari kuuharibu uhusiano, au anapokuwa hana uhusiano wa kuharibu. Anayeruka ngazi mbili kwa siku moja mara nyingi huwa amepata habari ambazo wewe bado hujazisikia redioni.

Sisi tunaosoma habari hizi kwa Kiswahili tuna mtego wetu wa pekee. Neno "mapinduzi" kwetu hubeba mambo mawili: wananchi kuuangusha utawala, na wanajeshi kumwondoa rais ikulu usiku. Waarabu huyatenganisha, la kwanza ni thawra, la pili ni inqilabu, na Wamisri walipogombana mwaka 2013, baada ya jeshi kumwondoa Rais Mohamed Morsi tarehe 3 Julai, ugomvi mzima ulikuwa juu ya lipi kati ya maneno hayo mawili lilifaa. Ukisoma kwenye gazeti letu kwamba nchi fulani "haikuyaita mapinduzi", huwezi kujua ni jina gani limekwepwa hadi urejee kwenye tamko la asili. Ninashauri uandike "mapinduzi ya umma" au "mapinduzi ya kijeshi" kwa ukamilifu kila mara, hata kama sentensi itarefuka.

Fuata fedha na simu

Baada ya maneno, tafuta nini hasa msemaji anaweza kupoteza. Kwa Marekani jibu lilikuwa wazi: tangu Misri na Israeli zilipotia saini mkataba wa amani mwaka 1979, Marekani imekuwa ikiipa Misri msaada mkubwa wa kijeshi, ambao wakati huo ulikuwa takribani dola bilioni 1.3 kwa mwaka, na meli zake za kivita hupita Mfereji wa Suez. Ukishalijua hilo, utaelewa kwa nini mazungumzo mazito hayakuwa na Mubarak. Mkuu wa majeshi ya Misri, Sami Anan, alikuwa Washington kwa mazungumzo ya kila mwaka maandamano yalipoanza, na waziri wa ulinzi wa Marekani alizungumza kwa simu mara kadhaa na mwenzake, Mohamed Hussein Tantawi. Tamko lililoonekana kuwahutubia waandamanaji lilikuwa likisikilizwa kambini, na jeshi ndilo lililobaki na nchi Mubarak alipoondoka.

Mtazame pia mjumbe. Obama alimtuma Cairo Frank Wisner, aliyewahi kuwa balozi wa Marekani nchini humo, na tarehe 5 Februari Wisner aliuambia mkutano wa usalama wa Munich kwamba kuendelea kwa Mubarak uongozini ni jambo la lazima katika kipindi hicho. Serikali yake ilijitenga haraka na kauli hiyo, ikisema alizungumza kwa niaba yake mwenyewe. Siku hiyohiyo, Clinton aliunga mkono mchakato ulioongozwa na Makamu wa Rais Omar Suleiman, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa Mubarak kwa miaka mingi. Sauti mbili zikipishana namna hiyo, usikimbilie kuandika kwamba moja ni ya uongo. Ziandike zote, kwa sababu serikali iliyo njia panda huzungumza kwa midomo zaidi ya mmoja.

Majirani husema juu ya nyumba zao

Hapa si lazima ukae sana. Mfalme Abdullah wa Saudi Arabia alimpigia Mubarak simu ya kumuunga mkono na kuwalaumu watu waliojipenyeza. Israeli iliuwaza mkataba wake. China ilizuia neno "Misri" lisitafutwe kwenye mtandao wa Weibo. Iran inastahili kutazamwa zaidi kidogo. Kiongozi wake mkuu, Ali Khamenei, alilisifu vuguvugu la Misri katika hotuba ya Ijumaa tarehe 4 Februari na kuliita mwamko wa Kiislamu, lakini wapinzani wa Tehran walipoomba kibali cha kuandamana kuwaunga mkono Wamisri walewale, walinyimwa, na viongozi wao wakafungiwa majumbani. Kipimo ni chepesi: muulize anayesifu kama angeruhusu jambo hilohilo chini ya dirisha lake.

Umoja wa Afrika na kanuni yake

Umoja wa Afrika hupimwa kwa njia nyingine, kwa kuwa una kanuni iliyoandikwa, Azimio la Lomé la mwaka 2000, linalokataa serikali kuondolewa kinyume cha katiba. Badala ya kuhesabu maneno, angalia kama kanuni imetumika au imewekwa kando. Februari 2011 baraza la kijeshi la Misri lilisimamisha katiba na kuvunja bunge, lakini Umoja uliyaona mazingira kuwa ya kipekee na haukuisimamisha nchi uanachama. Julai 2013 uliisimamisha siku mbili tu baada ya Morsi kuondolewa, na kuirudisha Juni 2014. Sudan ilisimamishwa tarehe 6 Juni 2019, siku tatu baada ya vikosi kuwashambulia waliokuwa wamekaa nje ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum, ingawa jeshi lilikuwa limekwisha kumwondoa Omar al-Bashir tangu tarehe 11 Aprili. Katika daftari langu huandika siku zilizopita kati ya tukio na uamuzi, maana idadi hiyo huonyesha ugumu wa majadiliano ya ndani kuliko taarifa inayotolewa mlangoni.

Usifunge daftari mtawala anapoondoka

Acha kurasa tupu nyuma, kwa sababu misimamo ya kweli hujitokeza kamera zikishaondoka. Mwaka 2013, sheria ya Marekani ilitaka msaada usimamishwe kwa serikali iliyopatikana kwa mapinduzi ya kijeshi dhidi ya kiongozi aliyechaguliwa. Washington iliamua kwamba haina wajibu wa kutamka kama yaliyotokea yalikuwa hayo au la. Siku chache baada ya Morsi kuondolewa, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Kuwait ziliahidi jumla ya dola bilioni 12, kiasi kilichoufanya msaada wa Marekani uonekane mdogo. Mwezi Agosti wafuasi wa Morsi waliuawa kwa mamia katika uwanja wa Rabaa mjini Cairo. Oktoba, Marekani ikazuia ndege za F-16, makombora na vifaru. Na Machi 2015 ikaviachia. Ziandike tarehe hizo zote, kila moja na mstari wake, na ukifika kwenye safu ya jina walilolipa tukio la tarehe 3 Julai, kwa upande wa Washington iache tupu kama wao walivyoiacha.