Kudai mafao ya ukosefu wa ajira Marekani baada ya kupunguzwa kazini

Mfanyakazi aliyepunguzwa kazini nchini Marekani pasipo kosa lake anapaswa kuwasilisha dai la bima ya ukosefu wa ajira katika wiki ileile aliyosimamishwa, kwa kuwa kwa kawaida dai huhesabiwa tangu wiki lilipowasilishwa, wala si tangu siku kazi ilipokoma. Wengi huona haya na kungoja hadi akiba iishe, wakidhani kwamba wanaomba msaada. Fedha hizi zinatoka katika mfuko uliowekwa na Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935, na mfuko huo hujazwa kwa kodi wanayotozwa waajiri. Ni katika majimbo matatu tu, Alaska, New Jersey na Pennsylvania, ambako mshahara wa mfanyakazi nao hukatwa kidogo. Aliyefanya kazi kwa kiasi kinachotakiwa amekwisha kuistahili bima hii.

Ingawa msingi wa mpango ni sheria ya shirikisho, kila jimbo huuendesha kwa kanuni zake, na dai hupelekwa katika jimbo ulikofanyia kazi hata kama makazi yako yako kwingine: anayeishi Indiana na kufanya kazi Kentucky hudai Kentucky. Maombi hufanywa kwenye tovuti ya idara ya jimbo inayoshughulikia ajira au kwa simu, na hayana ada. Kabla ya kuanza, kusanya namba ya Hifadhi ya Jamii, kitambulisho, na majina, anwani na tarehe za waajiri wako wote wa miezi 18 iliyopita, wakiwemo mawakala waliokupeleka kwenye vibarua vya muda. Asiye raia naye hustahili, alimradi alikuwa na kibali halali alipofanya kazi na bado anacho anapodai. Anayetatizwa na Kiingereza aombe mkalimani, ambaye idara inatakiwa kumtoa bila malipo. Kumwachia mtoto wa shule atafsiri maswali ya kisheria ni kumtwika mzigo usio wake, na jibu moja lililotafsiriwa vibaya laweza kuzuia malipo kwa wiki kadhaa.

Kiasi utakacholipwa hakipimwi kwa mshahara wa mwezi wa mwisho. Idara hutazama ujira wa kipindi cha msingi, ambacho kwa kawaida ni robo nne za mwanzo kati ya robo tano za mwaka zilizokamilika kabla ya dai. Aliyewasilisha dai Mei 2025, kwa mfano, alipimwa kwa ujira wa Januari hadi Desemba 2024, na miezi aliyofanya kazi mwaka 2025 haikuingia kwenye hesabu. Kanuni hii humbana sana aliyeanza kazi karibuni, na ndiyo sababu majimbo mengi yana kipindi mbadala kinachotumia robo nne za mwisho. Ukikataliwa kwa kukosa ujira wa kutosha, uliza mara moja kama kipindi hicho kimetazamwa. Malipo hukaribia nusu ya ujira wako wa wiki, lakini kila jimbo lina kikomo chake, na tofauti ni kubwa mno: kwa miaka mingi Mississippi haikuvuka dola 235 kwa wiki na Florida dola 275, ilhali katika jimbo la Washington kikomo kimepita dola 1,000. Majimbo mengi hulipa hadi wiki 26, ingawa Florida na North Carolina huweza kukomea wiki 12, na katika majimbo mengi wiki ya kwanza ni ya kungojea, haina malipo.

Swali linaloamua mengi ni sababu ya kuondoka kazini. Ukiwa umepunguzwa kwa sababu kazi imekwisha au kampuni imebana matumizi, andika hivyo kwa maneno machache yaliyo wazi. Mwajiri akikuletea barua ya kujiuzulu ili mambo yaishe kwa amani, usiitie saini, maana anayeacha kazi kwa hiari hulazimika kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu nzito. Aliyefukuzwa pia asikate tamaa: sheria hutofautisha utovu wa nidhamu wa makusudi na kushindwa kumudu kazi, na mtu ambaye kasi yake haikumridhisha msimamizi mara nyingi hustahili kulipwa. Anayefanya kazi kama mkandarasi huru kwa kawaida hayumo katika bima hii, lakini aliyeitwa mkandarasi huku akipangiwa saa na namna ya kazi kama mwajiriwa yeyote awasilishe dai hata hivyo, na kuiachia idara iamue.

Dai likishapokewa, kazi ya kila wiki huanza. Kwa kila wiki au kila wiki mbili utathibitisha kwamba ulikuwa na uwezo wa kufanya kazi, ulikuwa tayari kuipokea, na uliitafuta. Weka daftari lenye tarehe, jina la kampuni na namna ulivyoomba, kwa sababu idara inaweza kulidai. Kibarua cha muda hakikufungii mlango, bali hupunguza malipo ya wiki hiyo, mradi utangaze ujira kabla ya makato, katika wiki uliyofanya kazi na si wiki uliyopokea hundi. Wiki uliyokuwa nje ya Marekani kwa kawaida hailipwi, hata kama ulikwenda kuzika mzazi, na kumwomba ndugu athibitishe kwa niaba yako ni udanganyifu. Sheria ya shirikisho inataka adhabu isiyopungua asilimia 15 juu ya fedha zilizopokewa kwa udanganyifu, na fedha zenyewe lazima zirudishwe.

Barua ya kukataliwa ndiyo inayowapotezea watu haki zao kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa wengi huisoma kama neno la mwisho. Barua hiyo ina tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, na katika majimbo mengi muda huo ni kati ya siku 10 na 30 tangu ilipotumwa, kwa hiyo ifungue siku inapofika na upeleke rufaa hata kama maelezo yako ni sentensi mbili. Kisha, na hapa nasisitiza, endelea kuthibitisha kila wiki wakati rufaa inangoja, kwa maana ukishinda utalipwa kwa wiki ulizothibitisha tu. Usikilizaji mara nyingi hufanywa kwa simu mbele ya hakimu wa idara. Omba mkalimani mapema, tuma nyaraka kabla ya siku yenyewe, na mlete shahidi aliyeona mambo kwa macho yake, kwani maneno yake huwa na uzito kuliko ya aliyesimuliwa. Ofisi za msaada wa kisheria huwasimamia wenye kipato kidogo bila malipo.

Mafao haya hutozwa kodi ya mapato ya shirikisho. Unaweza kuomba asilimia 10 ikatwe mapema kwa fomu W-4V, na mwanzoni mwa mwaka unaofuata utapokea fomu 1099-G ya kujazia kodi. Binafsi naona kukatwa mapema ni bora kuliko kudaiwa Aprili.

Ukipata kazi, tangaza wiki ya kwanza uliyoanza, si ulipolipwa, kisha acha kuthibitisha. Dai lenyewe hubaki hai kwa mwaka mmoja tangu lilipoanza, na ukipunguzwa tena ndani ya muda huo unalifungua upya na kuendelea kulipwa kiasi kilichosalia.