Mnyororo wa vinili kwenye modeli ya kifaru: kuupaka rangi na kuuchakaza

Kabla ya kufungua kopo lolote la rangi, nenda katazame reli. Simama karibu na stesheni ya Tanga, uangalie reli inayopitiwa na treni: juu, magurudumu yanaposugua, chuma kimekwanguka na kinang'aa, ubavuni kimekuwa kahawia, chini, kwenye kokoto, kimefunikwa na vumbi. Chuma ni kimoja, rangi ni tatu, na kila rangi ina sababu yake. Mnyororo wa kifaru uko hivyo hivyo. Anayeupaka wote rangi ya kutu amesahau kwamba kifaru kinatembea, na anayeupaka fedha tupu amesahau kwamba kinatembea juu ya udongo.

Somo hili nimelifanya juu ya Type 59 ya kipimo cha 1/35. Ni kifaru cha China cha ukoo wa T-54 ya Kisovieti, na jeshi letu lilikuwa nacho wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Mnyororo wa kifaru halisi cha ukoo huu una upana wa milimita 580. Ukigawa kwa 35 unapata milimita 16 na nusu hivi, yaani upana wa kidole. Shikeni hesabu hiyo, tutairudia kwenye tope.

Kuosha

Mnyororo wa vinili, yaani plastiki laini inayokunjika, hutoka kiwandani na mafuta ya kuutoa kwenye kalibu. Rangi haishiki juu ya mafuta. Uloweke dakika kumi kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, usugue kwa mswaki wa zamani pingili baada ya pingili, suuza, kisha uufute kwa spiriti. Baada ya hapo usiushike kwa vidole vitupu. Kama umekunjwa muda mrefu ndani ya boksi na umepinda, maji ya moto (yasiyochemka) yataulainisha uunyooshe. Usiuvute kuurefusha. Mnyororo uliokazwa sana hupindisha ekseli, au hukatika usiku mmoja ukiwa kabatini.

Mkono wa kwanza

Hapa ndipo wengi tunapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Vinili ni laini kwa sababu imechanganywa na kemikali ya kulainisha, na kemikali hiyo haitulii. Miaka inavyopita inatoka polepole hadi juu. Ikikutana na rangi ya mafuta, rangi inabaki inanata. Ikikutana na plastiki ngumu ya magurudumu, inaila. Niliwahi kuhifadhi modeli ya zamani, minyororo imelala juu ya magurudumu bila kupakwa chochote. Nilipoifungua baada ya miaka miwili, kila gurudumu lilikuwa na alama za pingili zilizozama kama meno kwenye embe. Magurudumu yale hayakufaa tena. Tangu siku ile vinili tupu haigusi plastiki yangu. Kwenye boksi naifunga kwenye mfuko wake peke yake.

Kwa hiyo tumieni praima, rangi ya kwanza ya kushikiza nyingine, ya kopo la kupuliza, mikono miwili myembamba, si mmoja mzito. Asiye na praima achukue gundi nyeupe ya mbao, aizimue kwa maji hadi iwe kama maziwa, apake na aache ikauke usiku kucha. Gundi hiyo inajikunja pamoja na mnyororo bila kupasuka.

Jambo moja ambalo sikufundishwa na mtu: pakeni mnyororo ukiwa umezungushiwa chupa ya soda, upande wa nje ukitazama juu. Mkunjo wa chupa unafungua nafasi kati ya pingili, na rangi inaingia hadi ndani. Ukipakwa ukiwa umelala mezani, siku ya kuuzungusha kwenye gurudumu la meno utaona mistari mitupu imejitokeza kila kiungo.

Na msiharakishe. Hewa yetu ya pwani ni nzito, na wakati wa masika kinachokauka kwa saa mbili mahali pengine hapa kinataka siku nzima. Kuanika juani si dawa, kwa kuwa vinili inalegea.

Rangi ya chini

Akriliki tu, rangi isiyo ya mafuta. Mimi nachanganya sehemu sawa za Tamiya XF-1, nyeusi isiyong'aa, na XF-10, kahawia isiyong'aa. Akriliki za tyubu za wanafunzi zinafaa pia, nyeusi na kahawia, ukizizimua vya kutosha. Unatafuta rangi ya sufuria la chuma lililozeeka: si nyeusi kabisa, si nyekundu. Hapa na pale gusa kwa kahawia yenye machungwa, kwa kipande cha sponji, bila kufuata mpangilio.

Kuunga na kufunga

Minyororo mingi ya zamani ina vipini vidogo mwisho mmoja na matundu mwisho wa pili. Unavipitisha, kisha unavibonyeza kwa ncha ya bisibisi iliyopashwa moto hadi viyeyuke na kupanuka. Fungua dirisha, moshi wake si mzuri. Kampuni ya Tamiya, tangu miaka ya 1990, ina minyororo inayokubali gundi ya kawaida ya plastiki. Soma karatasi ya maelekezo kwanza. Vipini vikikatika, shona kwa uzi mweusi. Kiungo kiweke juu, chini ya madigadi, hakuna atakayekiona.

Udongo

Sasa amua kifaru chako kimetembea wapi. Udongo mwekundu wa njia ya Muheza si mchanga mweupe wa matumbawe wa Raskazone, na vumbi la chokaa la Pongwe ni jingine kabisa. Kama unatengeneza kifaru kilichopita kinamasi cha Lukaya, nchini Uganda, Machi 1979, usikipake vumbi kavu. Kile ni tope jeusi lililoshikana na majani.

Chukua udongo wenyewe. Ukaange kwenye kikaango kikuukuu kuua ukungu na wadudu, uutwange, kisha uuchuje kwa kitambaa cha nailoni, kama soksi ndefu za kike. Hesabu ya 35 ndiyo inayodai hivyo: punje ya milimita moja kwenye modeli ni jiwe la sentimita tatu na nusu kwenye kifaru halisi. Bonge la milimita tatu ni zaidi ya sentimita kumi. Mchanga wa baharini usuuze mara kadhaa kwanza, maana chumvi hutoa madoa meupe baadaye.

Changanya udongo na maji, tone la gundi nyeupe na tone la sabuni, ujaze kwenye mashimo ya pingili kwa brashi. Ukikauka, futa uso kwa kitambaa chenye unyevu. Udongo ubaki ndani, chuma kitokeze juu. Tapentaini mimi nimeacha kuitumia hapa. Ikipenya kwenye nyufa za rangi, inaidhoofisha vinili.

Mng'ao, mwisho kabisa

Saga ncha ya penseli ya 6B, ile laini ya kuchorea, juu ya msasa, chovya kidole, sugua matuta ya nje yanayokanyaga ardhi. Kisha meno ya katikati, ambayo magurudumu huyasugua ubavuni, na meno ya gurudumu la nyuma linalovuta mnyororo. Upande wa ndani, magurudumu ya kifaru hiki yana mpira, kwa hiyo njia zake mbili ziwe laini na za kijivu kilichokoza, bila kumetameta. Rangi ya fedha weka chembe tu, kwa brashi kavu, kwenye kona kali.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Muheza:* Kaka, mimi nilishapaka rangi ya mafuta. Wiki ya tatu hii, bado inanata. Nipulizie vanishi juu?

Pole ndugu yangu. Vanishi itanata nayo. Jaribu kuitoa kwa spiriti na mswaki kadiri itakavyotoka, uoshe, upake gundi nyeupe, kisha akriliki. Kama rangi imeshaingia kwenye vinili yenyewe, tafuta mnyororo mwingine. Usiufunge hivyo hivyo, utashika magurudumu.

*Dada wa Korogwe:* Wangu umekaa hewani juu ya magurudumu kama kamba ya kuanikia nguo. Kwenye picha za kifaru halisi umelala.

Umeona vizuri, dada. T-54 na ndugu zake hazina roli ndogo za juu, mnyororo hulala kwa uzito wake juu ya magurudumu matano na kubonyea katikati yake. Ukishapaka kila kitu, weka tone la supaglu juu ya gurudumu la pili, la tatu na la nne, bonyeza kwa pamba hadi ikamate. Ukikataa, toboa ubavu wa bodi kwa ndani ya madigadi, upitishe pini inayoushikilia chini.

*Mwanafunzi wa Chumbageni:* Shikamoo. Sina penseli ya 6B, HB inafaa?

Marahaba. Inafaa, ila ni ngumu zaidi na mng'ao wake ni mdogo. Saga nyingi, usiikwaruze moja kwa moja kwenye rangi.

*Mzee wa Pongwe:* Mwanangu, nimeendesha katapila miaka mingi. Maelezo yako ni mazuri, lakini kutu umeiweka ovyo ovyo kwa sponji. Likilala nje usiku mmoja wa mvua, asubuhi mnyororo mzima ni rangi ya machungwa. Ukitembea nusu saa, kutu inaondoka usoni kote, inabaki kwenye viungo na kwenye vichwa vya pini. Hapo haifikiwi na kitu.

Shikamoo mzee. Umenisahihisha, na inaingia akilini: pini za mnyororo wa kifaru hiki, zile zinazounga pingili, ni kavu, hazina grisi, kwa hiyo kutu inakaa humo humo. Basi wenzangu, ile hatua ya sponji iacheni. Chukueni brashi namba 0, mguse kahawia yenye machungwa kwenye ncha za pini peke yake, kabla ya udongo. Mnyororo wa kulia bado sijaufunga. Nitauanza hivyo leo usiku.